Banda Lisilo na Msumari

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, ni seremala, na katika miaka yote niliyomfahamu sijamwona akipigilia msumari kwa hiari yake. Kwake yeye msumari ni ushahidi kwamba fundi alikuwa na haraka ya kurudi nyumbani. Huchonga ulimi kwenye ubao mmoja, akatoboa tundu kwenye wa pili, akapaka gundi na kugonga kwa nyundo ya mbao mpaka vikaingiana, kisha huita mtu aje atafute mahali vilipoungana. Mimi ameniita mara nyingi. Siku moja nilimwambia nimepaona, kumbe ni mstari wa penseli, akanicheka wiki nzima.

Nasema haya mapema ili asitokee mtu akadhani namsengenya. Mimi na yeye ni watani, na utani wetu haujawahi kuingia doa. Huu ni mwaka wa saba naishi kwao, tangu nilipofiwa na mume wangu. Nilipewa chumba cha mbele chenye mlango wa barazani, nikaweka kitanda upande mmoja na cherehani upande wa pili. Ukiishi na mtu miaka saba unamjua kwa kikohozi chake, kwa hatua zake, hata kwa namna anavyovuta kiti. Ndiyo maana najilaumu mpaka leo, maana yalikuwepo mambo niliyoyaona nikayapita tu.

Dada alifanya kazi ya kufua hospitalini miaka ishirini na sita. Alifua mashuka ya waliopona na ya wasiopona, na kilichobaki kichwani mwake ni imani moja: kitu kisichofulika hakifai kukaa na watu. Alipostaafu, Shemeji alimjengea banda la kuku nyuma ya nyumba liwe zawadi yake. Lilikuwa na miguu minne, ngazi ndogo, vyumba vitatu vya kutagia, na fito za kulalia zilizopigwa msasa ili kuku wasichomwe na vibanzi. Msumari haukuwemo hata mmoja. Wateja waliokuja kuagiza makabati walipitishwa kwanza uani wakalione, na kila mmoja aliambiwa lina viungo arobaini na vinane. Kuku walikuwa kumi na mmoja. Nilikuwa namwambia Shemeji kwamba kuku wa mke wake wamelala pazuri kuliko mimi, maana kitanda changu kina misumari.

Taabu ilianza pale kuku walipokataa kulala. Jioni, kuku mwenye akili zake huingia bandani bila kuambiwa. Wa Dada walianza kusimama chini ya ngazi wakilitazama banda, na ukiwaingiza kwa mkono wanatoka tena. Kile kinyama chekundu cha kichwani kikaanza kupauka. Mayai yakapungua. Kisha asubuhi moja Dada alimkuta yule mweupe, mpole kuliko wote, amekufa juu ya mayai mawili. Hakuwa na jeraha. Dada alimgeuza, akampuliza manyoya ya tumboni.

Jioni ile akafanya jambo ambalo ni mfuaji tu angelifikiria. Alichukua kipande cha shuka jeupe akakitandika chini ya fito za kulalia. Kulipokucha alikileta barazani na kunionyesha kwa mbali. Kilikuwa na madoadoa ya damu, na baadhi ya madoa hayo yalikuwa yanatembea. Akasema ni utitiri. Nilianza kujikuna kabla hajafunga mdomo.

Utitiri wa kuku ni mdudu mdogo kuliko punje ya chumvi. Mchana humwoni, kajificha kwenye nyufa. Giza likiingia anatoka, anamnyonya kuku damu, na mapambazuko yanamkuta amesharudi kwake. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Kilichokuwa kinawala kuku wetu kilikuwa ndani ya viungo vya Shemeji. Dada alichukua pini ya nywele akachokoa pale fito ilipoingia ukutani, na pini ikatoka na uji mwekundu unaochezacheza. Akachokoa kiungo cha pili, cha tatu, cha kumi. Vyote vilikuwa hivyo. Banda la fundi wa misumari lingebomolewa, likaoshwa ubao kwa ubao na kurudishiwa. Hili halikuweza kufunguka, maana lilitengenezwa lisifunguke milele. Ufundi wake mwenyewe ndio uliowafuga wale wadudu, na hilo alilijua kabla hatujamwambia.

Tulijaribu kila kitu. Tulipaka mafuta ya taa, tukanyunyiza majivu, tukamwaga maji ya moto, tukapuliza dawa ya unga mpaka tukakohoa wenyewe. Waliokuwa nje walikufa, waliokuwa ndani ya viungo walitulia wakangoja. Baada ya siku nne kitambaa cha Dada kilikuwa na madoa upya. Hapo ndipo woga uliponiingia mimi binafsi. Nilikuwa na gauni jeupe la bibi harusi juu ya cherehani, na kila asubuhi nilikagua mishono yake dirishani, nikiwaza bibi harusi anatoka mbele ya wageni anajikuna na jina langu linatajwa. Usingizi ulinipaa. Unywele ukinigusa shingoni naruka.

Jirani yetu wa ukuta wa pili, dereva mstaafu wa lori, alikuwa na banda la plastiki la rangi ya kijani, na alilipiga maji kwa mpira kama alivyozoea kuosha lori lake. Dada alikwenda kulitazama. Aliingiza mkono ndani akatembeza kidole kona zote, hakukuta ufa. Alirudi amekwisha kuamua.

Mabishano yalifanyika mezani, na kusema kweli Shemeji hakuwa mjinga. Alisema plastiki inashika joto, na kwamba yeye amepita kwa jirani saa saba mchana akakuta kuku wamepanua midomo wanahema. Alisema asubuhi mvuke unakuwa umeganda ndani na maji yanawadondokea mgongoni. Alikumbusha pia kwamba upepo wa mwaka jana ulilibeba banda lile, likaokotwa mtaa wa nyuma na kuku ndani yake. Yote yalikuwa kweli. Dada alijibu kwamba kuku wa jirani wanahema, wa kwake hawahemi kabisa. Kisha Shemeji akasema lililokuwa moyoni: ni nani atakayempa kazi ya kabati seremala ambaye uani kwake kuna beseni la kijani lenye mlango?

Akaahidi atajenga jipya, la mbao, lakini la skrubu, kila ubao utoke uoshwe uanikwe juani. Dada alicheka kwa mara ya kwanza tangu yule mweupe afe. Shemeji na skrubu! Akampa wiki mbili.

Wiki mbili zikawa tano. Mara mbao hazijakauka, mara msumeno umekuwa butu, mara kuna kabati la mteja lazima litoke kwanza. Kuku wakawa tisa, wakawa wanane, wakawa saba. Chakula cha mchana akaanza kula karakanani, eti kazi imezidi, na wateja wakaanza kuja nyumbani kuuliza vitu vyao viko wapi. Mimi nilikasirika. Nilimwona mtu mzima anaua kuku wa mke wake kwa kiburi, na siku moja nikabeba mwenyewe chakula chake nikaenda kumpa maneno yake.

Karakana iko mtaa wa pili, ubavuni mwa fundi baiskeli. Siku zote mlango huwa wazi na unga wa mbao unatoka mpaka barabarani. Siku ile ulikuwa umerudishwa. Nilichungulia kwenye upenyo, na nilichokiona kilinizuia kubisha. Shemeji alikuwa amefunga kifundo cha mkono wake wa kulia kwenye ukingo wa meza kwa kipande cha mpira wa baiskeli, na kwa vidole vilivyobaki huru alikuwa anajaribu kupiga mstari wa penseli kufuata skwea, ile rula ya pembe. Mstari ulikwenda vizuri urefu wa kidole kimoja, kisha ukaanza kuyumba. Akaufuta, akapiga tena, ukayumba palepale.

Nilisukuma mlango. Hakushtuka, alinitazama tu, mkono umefungwa. Nyuma ya kabati lisilokwisha niliona magunia yamefunika kitu, na kwa umbea wangu nikayafunua. Kulikuwa na mbao kumi na tatu, zote za kipimo kimoja, ubavu wa banda la kuku, na zote zimekatwa vibaya. Mimi ni fundi cherehani, najua kitambaa kilichokatwa na mtu mwenye haraka na kilichokatwa na mtu asiyejua. Hizi hazikuwa za haraka wala za kutojua.

"Funga mlango, Shemeji," akaniambia.

Nilifunga. Akafungua ule mpira, akaweka mkono juu ya paja, akaniambia nitazame. Mkono ulikuwa umepumzika, hautumwi kitu, lakini kidole gumba na cha shahada vilikuwa vinasuguana vyenyewe, taratibu, kama vya mtu anayesokota uzi. Nilingoja viache. Havikuacha. Nikakaa juu ya magunia.

Aliniambia baba yake, naye seremala, alianza vivyo hivyo, kwa kidole gumba. Dada hakuwahi kumwona mzee yule, alikufa kabla hawajaoana, alichosikia ni kwamba aliugua muda mrefu. Shemeji ndiye aliyemuuguza. Alimlisha kwa kijiko, akamfuta kidevu, akamgeuza kitandani, na mwishoni alikuwa anamfunga kwenye kiti kwa kitambaa ili asianguke. Aliyasema hayo bila kupandisha sauti, akiutazama mkono wake. Alisema asubuhi akiamka, kabla hajafumbua macho, anausikiliza kwanza mkono kama umeamka naye.

Nikamwambia amweleze mke wake. Nikamkumbusha kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, na kidole kimoja hakivunji chawa.

"Mimi ninavyo kumi, na havivunji kitu," alinijibu. Kisha akanishika bega, na niliusikia ule mtetemo unapita kwenye nguo yangu. "Dada yako amefua mashuka ya wagonjwa miaka ishirini na sita. Amekuja nyumbani apumzike. Usimwambie. Akijua, atanitazama kwa macho ya hospitali, na mimi nitakuwa sina tena mke, nina nesi."

Nikaapa. Sijui kwa nini niliapa, nadhani nilitaka ule mkono utoke begani kwangu.

Kuanzia siku ile woga wangu wa utitiri ulionekana mchezo wa kitoto. Nilimwogopea Shemeji kila aliposhika kisu cha mkate. Nilimwogopea karakanani, na misumeno yake na patasi zake, na nilikuwa nikisikia pikipiki inasimama mlangoni najua ni mtu ameleta habari. Mezani nilijitia msemaji wa plastiki. Nilisifia banda la jirani mpaka jirani mwenyewe angeona haya, nikidhani Dada akilileta lile beseni, Shemeji hatakuwa na sababu ya kukata mbao. Shemeji alinikata jicho. Aliamini nimemsaliti, na nilishindwa kumweleza kwamba naviokoa vidole vyake.

Dada naye si mtoto. Siku moja alinikuta peke yangu kwenye cherehani, akaketi juu ya kitanda changu na kuuliza kama kuna mwanamke. Nilicheka. Kilikuwa kicheko kibaya, kirefu kuliko ilivyopasa, na alikitambua.

"Kama ni mwanamke niambie, nitammudu," akasema. "Nisichokijua ndicho kinachonitisha, mdogo wangu. Haniangalii. Akila ananigeuzia ubavu. Nimeona watu wanaotaka kufa wakifanya hivyo."

Nilijibu kwamba ni mambo ya kazi. Alinyanyuka akaenda zake, na nilishona mkono wa gauni nje ndani, nikaufumua, nikaushona nje ndani tena.

Ikafika Jumamosi. Asubuhi Dada alikuta kuku wawili wamekufa, mmoja chini ya fito, wa pili kwenye kona amejibana. Walibaki watano. Hakulia wala hakugomba. Aliwazika, akanawa mikono kwa sabuni mara mbili, akaja jikoni Shemeji alipokuwa anakunywa chai ameupa mlango mgongo. Akamwambia kwamba Jumanne analeta la plastiki, na kama yeye analo la kwake, basi leo ndiyo siku.

Shemeji alisimama akatoka. Nilidhani amekwenda kutembeza hasira. Baada ya nusu saa alirudi na mkokoteni wenye mbao na boksi la skrubu, na juu yake ameweka msumeno wa umeme, ule wenye meno ya duara. Msumeno ule ulikuwa haupendi. Alikuwa akisema ni kifaa cha wapasua magogo. Nilielewa mara moja kwa nini ameuleta. Msumeno wa mkono ulimwaibisha kwa sababu unategemea mkono, na huu alitumaini utakwenda wenyewe.

Alichomeka waya kwenye soketi ya jikoni, akauvuta mpaka uani. Jirani dereva alishachomoza kichwa juu ya ukuta na kuanza kutoa ushauri ambao hakuombwa. Mimi nilisimama kwenye mlango wa jikoni. Nilijaribu kukutana na macho ya Shemeji, hakunipa. Aliweka ubao juu ya ndoo mbili, akapiga mstari, na kwa mbali ule mstari ulionekana umenyooka kiasi. Ubao ulikuwa unacheza. Ndipo Dada akasogea, akachuchumaa upande wa pili, akaushika kwa mikono miwili.

"Nakushikia," alisema, na alisema kwa upole, maana kwake siku hii ilikuwa ya kupatana. Mume wake alikuwa amekubali, amekuja na mbao, na yeye alitaka kumsaidia.

Shemeji alisita. Nilimwona akisita. Angemwambia aondoke, lakini angelazimika kusema kwa nini, na kwa miezi yote ile alikuwa amezoea kutosema kwa nini. Akawasha.

Msumeno ule una sauti inayoingia mpaka kwenye meno. Kuku watano walikimbilia nyuma ya pipa la maji. Nilitaka kupiga kelele, nikawaza nikipiga kelele atashtuka, na akishtuka mkono utaruka. Nilitaka kukimbia nimvute Dada, lakini kati yangu na yeye kulikuwa na ule msumeno. Uliingia kwenye ubao, ukafuata mstari. Unga wa mbao ukaruka. Kisha niliona kiwiko cha Shemeji kinaanza kucheza, kidogo tu. Akaukaza mkono, na kadiri alivyokaza ndivyo ulivyozidi, na ule msumeno ukauacha mstari ukaanza kukata kuelekea kule Dada aliposhika. Dada hakuwa anatazama msumeno. Alikuwa anamtazama mume wake usoni.

Nilichomoa waya ukutani.

Sauti ilishuka polepole, meno yakazunguka kwa mazoea tu, yakasimama. Dada akauliza kuna nini. Nikamjibu kwamba umeme umekatika. Nyuma yangu, juu ya kabati la jikoni, redio iliendelea kutangaza matokeo ya mpira bila wasiwasi wowote. Dada aliisikiliza redio, akatazama plagi iliyokuwa mkononi mwangu, akatazama uso wangu. Sijawahi kudanganya vibaya namna ile maishani mwangu.

Lakini Shemeji hakuwa akitusikiliza. Alikuwa ameinama juu ya ubao. Njia ya msumeno ilikuwa imeuacha mstari kwa upana wa vidole vitatu, na pale iliposimama, kidole gumba cha Dada kilikuwa kimebakiwa na nafasi isiyofika shibiri. Aliupima umbali ule kwa macho, kama anavyopima kila kitu. Akauweka msumeno chini kwa uangalifu mkubwa.

"Ningekukata," akasema. "Mama, ningekukata."

Akanyoosha mikono yote miwili juu ya ubao, akaiacha pale mbele yake. Wa kushoto ulitulia. Wa kulia ulianza, gumba na shahada, taratibu, mbele yetu sote. Jirani alishusha kichwa nyuma ya ukuta bila kusema neno, jambo ambalo halijapata kutokea.

Dada aliuchukua ule mkono. Alibana kidole gumba kwa nguvu, kikatulia. Akakiachia, kikaanza. Akabana tena, akaachia tena. Alifanya hivyo mara tatu, na mara ya tatu sura yake ilibadilika, nikaona amejua ni nini, maana hospitalini aliwahi kuwaona wenye mikono ile.

"Tangu lini?"

"Kabla ya mvua."

"Na huyu alijua?"

Shemeji alikubali kwa kichwa. Dada hakunigeukia hata kidogo, na siku mbili zilizofuata alinipakulia chakula bila kunisemesha. Ilinistahili.

Jumapili, baada ya kanisa la jirani zetu kutoka na mtaa kutulia, Dada alikwenda kwa nesi mmoja aliyefanya naye kazi zamani, akarudi na siku ya kumwona daktari, Alhamisi asubuhi. Shemeji alikubali bila ubishi. Banda la plastiki lilikuja Jumanne. Shemeji alisimama na fimbo akatuelekeza mimi na jirani kama tunajenga bunge. Alitaka likae chini ya kivuli cha ukuta wa jikoni, linyanyuliwe juu ya matofali, lifungwe kwa waya kwenye nguzo lisije likasafiri, na matundu ya hewa yaongezwe kila upande na kuzibwa kwa wavu. Alitugombeza ipasavyo. Tulipomaliza alilizunguka, akaligonga kwa kidole, akasema lina mlio wa kopo. Jioni kuku watano waliingia wenyewe, wa kwanza hakugeuka hata nyuma. Shemeji akasema kuku hawana adabu.

La zamani halikuweza kugawiwa kwa mtu, maana kumpa mtu banda lile ni kumpa balaa. Halikuweza hata kuvunjwa kuwa kuni za kuweka jikoni. Ilibidi lichomwe palepale, mbali na nyumba. Jirani alijitolea, Shemeji akakataa. Jumatano alasiri alilimwagia mafuta ya taa mwenyewe, nusu yakiingia bandani na nusu yakimwagikia viatu vyake, na Dada ndiye aliyewasha kiberiti, kwa sababu kijiti kilivishinda vile vidole mara mbili.

Tulikaa kwenye viti mbele ya jikoni tukilitazama. Paa liliungua kwanza, kisha kuta. Utitiri ulipasuka ndani ya mbao kwa sauti ndogondogo, au labda ilikuwa gundi, sijui, mimi nilipenda iwe utitiri. Kuta zilipodondoka ile fremu ilibaki imesimama, nyeusi, moto ukipita kati yake, na hakuna kiungo hata kimoja kilichoachia. Jirani, aliyekuwa juu ya ukuta wake, alisema kwa heshima kwamba Fundi ni Fundi. Fremu ilianguka nzima nzima baadaye, miguu ilipokwisha kuliwa na moto.

Nilitafuta utani wa kusema. Mimi ndiye mwenye kazi hiyo nyumbani mle. Sikuupata.

"Baba yako," Dada akasema, macho yake kwenye moto, "kidole kilipoanza, alikaa miaka mingapi?"

Shemeji alisogeza viatu vyake mbali na moto.

"Tisa."

"Alishika kijiko mwenyewe mpaka mwaka wa ngapi?"

"Wa tano."

Dada alikuwa akihesabu, niliona midomo yake ikihesabu. Aliongeza miaka mitano kwenye umri wake, akaongeza tisa, akafika mahali akaacha. Moshi ulikuwa unatujia lakini hakuna aliyesogeza kiti.

"Unaogopa?" akamuuliza.

"Sana. Kila siku."

"Na mimi naogopa," Dada akasema. "Ulichelewa bure kuniambia."

Akavuta kiti chake mpaka kikagusana na cha mume wake, akauchukua ule mkono akauweka mapajani mwake, juu ya aproni. Hakuubana safari hii. Uliendelea kucheza pale na yeye akauacha ucheze, wote wawili wakitazama majivu. Giza lilipoanza kuingia nikanyanyuka kwenda kufunga mlango wa kuku, kwa kuwa hao wawili walikuwa wamewasahau.